Ng'ombe Wetu Hawamo Ukutani

Enzi zetu pale Nyanungu, wilayani Tarime, mtoto aliyetaka kuthibitisha kwamba yeye ni wa pale hakuhitaji shahidi. Alikwenda kwenye jengo la Baraza, akatafuta jiwe lililochongwa chapa ya ng'ombe wa kwao, akaingiza kidole kwenye mchoro, na ubishi ukaisha. Mawe ya ukuta ule yana chapa kuanzia usawa wa goti hadi karibu na bati: mguu wa kuku, mwezi mchanga, mistari mitatu iliyolala pamoja, duara lenye mkia. Karibu kila familia ya zamani ina jiwe lake. Sisi hatuna. Nimezaliwa jirani na jengo hilo, nimelikimbilia mvua ikinyesha, nimelizunguka nikicheza, na mpaka leo nikiwa na mvi bado naliangalia kwa wivu.

Nieleze kwanza tulivyofika pale. Baba yangu alikuwa Mnyiramba wa Singida. Alisikia kwamba Tarime kuna dhahabu, akaja na sululu na karai, na mama akamfuata baadaye na sufuria zake. Dhahabu waliyoipata haikuwahi kutosha nauli ya kurudi kwa heshima, kwa hiyo walibaki, wakalima muhogo na mtama, wakatuzaa. Wenyeji walituita watu wa kuja. Jina hilo hawakulisema kwa ubaya. Walilisema kama unavyosema mtu ni mrefu au ana mwanya. Lakini mtoto akiitwa jina moja kila siku, hulisikia tofauti na linavyosemwa.

Maisha ya pale nayakumbuka kwa pua kuliko kwa macho. Moshi wa mavi makavu ya ng'ombe asubuhi. Maziwa yaliyogandia kwenye kibuyu kilichofukizwa. Siku mnyama akichinjwa, kichuri, ule mchuzi mchungu wa tumboni ambao mama yangu hakuwahi kuuzoea na mimi nilimeza huku nimefumba macho, nikitazamia kwamba uchungu ule ungenifanya niwe mwenyeji. Mkate ulitoka Sirari, mpakani, ukiwa umefungwa karatasi ya nta, na aliyekuwa na shangazi upande wa Kenya aliula shuleni taratibu sana ili sote tumwone. Tulikwenda shule na jembe begani na dumu la maji mkononi, kaptula zetu zikiwa na viraka viwili nyuma, mfano wa miwani. Siku hizi mtoto akipungukiwa kalamu ya rangi mzazi anaitwa shuleni.

Rafiki yangu wa karibu alikuwa Chacha. Kwao kulikuwa na zizi kubwa, babu mwenye sauti, na chapa ya mguu wa kuku. Mwanzoni sikujua kama chapa hiyo ina maana yoyote. Nilijua siku Mwalimu Gati alipotupeleka kulitembelea Baraza.

Mwalimu Gati alikuwa mama mrefu aliyevaa saa ya kiume na kutufundisha historia. Tulikuwa darasa la nne. Alituambia tufunge madaftari, historia ya siku hiyo haikuwa ubaoni. Tukapanga mistari, tukavuka barabara, tukaingia kwenye jengo ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya mwanzo. Ndani kulikuwa na baridi ya mawe hata jua likiwa kali nje. Kulikuwa na jukwaa la mbao la hakimu, benchi ndefu zilizong'azwa na makalio ya watu wenye kesi, na nyuma chumba kidogo cha mahabusu chenye dirisha la ukubwa wa kitabu. Popo walikuwa darini. Sote tulitaka kuingia mahabusu, na sote tulipoingia tulitaka kutoka.

Kisha akatutoa nje na kutusimamisha mbele ya ukuta.

"Kabla ya Mwingereza," alisema, "kesi za hapa zilisikilizwa kwenye ritongo, kikao cha wazi cha wazee. Watu wanakaa kwenye majani, kila mmoja anasikia. Mwingereza hakupenda majani. Alitaka kuta na mlango. Kila familia ikaagizwa mawe ya mtoni. Sasa jumbe wa hapa alikuwa mtu wa kusahau, au alijifanya kusahau. Ukileta mawe leo, kesho anakutuma tena. Mtu mmoja akachoka. Akachonga chapa ya ng'ombe wake kwenye jiwe, akamwambia jumbe, hili langu, usinijie tena. Wengine wakaiga."

"Kwa hiyo hizi ni risiti, Mwalimu?" Chacha aliuliza.

"Ni risiti. Babu zenu walichapwa viboko kujenga nyumba hii, halafu wakaja kuhukumiwa humo humo."

Nadhani alitaka tusikitike. Hakuna aliyesikitika. Darasa zima lilisikia jambo moja tu: babu zetu wamo ukutani. Alipotuambia tutafute chapa za kwetu, mistari ilivunjika na watoto wakauvamia ukuta kama kuku waliotupiwa mtama. Wakawa wanaitana kwa Kikurya, huyu anamvuta dada yake, yule anabebwa mabegani afike juu. Chacha hakukimbia hata kidogo. Chapa ya kwao ilikuwa kando ya mlango, kwenye jiwe kubwa kuliko mengine, mahali ambapo kila aliyeingia kudai au kudaiwa alipita. Akaegemeza mgongo kwenye mguu wake wa kuku, akakunja mikono, akatutazama kama mwenye nyumba.

Mimi nilizunguka. Upande wa mashariki, nyuma, upande wa mahabusu, nikarudi mbele. Mwalimu Gati akaniona.

"Hujaona ya kwenu?"

"Bado, Mwalimu."

"Endelea kutafuta, iko tu."

Alisahau kwamba mimi ni mtu wa kuja. Alikuwa na watoto wengi na siku ilikuwa ndefu, simlaumu. Lakini alinipa tumaini, na kwa tumaini hilo nikauzunguka ukuta tena, nikipapasa kila jiwe, hata lile lililokwaruzwa na ng'ombe tu. Nilikuwa bado nyuma filimbi ilipolia. Chacha alinifuata.

"Usihangaike, mura," aliniambia. Mura ni kijana, ndivyo tunavyoitana kule. "Ya kwenu iko Singida."

Waliokuwa karibu wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu asiyecheka huchekwa zaidi. Njia nzima ya kurudi darasani nilikuwa namwonea wivu mzee ambaye sikuwahi kumwona, baba wa babu yake Chacha, aliyepigwa viboko na kubebeshwa mawe kichwani. Laiti wangempiga na wa kwetu, nikawaza.

Jioni nilimkuta baba anasuuza karai.

"Baba, chapa ya ng'ombe wetu ni ipi?"

"Ng'ombe gani?"

"Wa kwetu. Wa Singida."

Akafikiri. "Sisi hatuchomi chapa. Tunakata sikio. La kushoto, pengo moja kwenye ncha. Ukiona ng'ombe ana pengo hilo, ni wa baba yangu."

"Na kwenye jiwe mnafanyaje?"

"Jiwe lina sikio?"

Nikamweleza habari ya Baraza. Alisikiliza mpaka mwisho, ambalo halikuwa jambo lake la kawaida. Kisha akasema nyumba ya serikali ni ya kila mtu. Nikamwambia si ya kila mtu, Baba, ina alama. Akasema kwao nako kuna boma la Mwingereza, na babu yangu naye alibeba mawe, tena ya mbali kuliko ya mtoni. Nikauliza kama lina chapa. "Kule walibeba wakanyamaza," alisema, akageuza karai lichuruzike maji.

Wasomaji wa rika langu watanielewa nikisema kwamba mateso halisi hayakuwa ukutani bali kwenye mchezo. Tulifinyanga ng'ombe wa udongo wa mtoni. Hatukuwafinyanga ovyo, kila mmoja alikuwa na nundu, pembe na kiwele. Tuliwapanga kwenye mazizi ya vijiti, tukawachunga, tukaoana kwa mahari ya ng'ombe hao, na zaidi ya yote tukaibiana. Wizi ulikuwa na sheria. Ng'ombe mwenye chapa akiibiwa, mwenyewe anaruhusiwa kufuata nyayo na kumdai. Asiye na chapa ni wa aliyemkuta. Baada ya safari ya Baraza, sheria ikaongezewa kifungu: chapa ni ile iliyoko ukutani. Watoto wenzangu wote wakawachora ng'ombe wao kwa mwiba kwenye paja. Wangu wakabaki ngozi tupu.

Siku iliyofuata nikaja na jibu. Nilikuwa nimewakata wote sikio la kushoto, pengo moja kwenye ncha, kazi ya kucha ya kidole kidogo. Nikawapanga zizini nikatulia. Chacha akaja, akainua dume langu, akalitazama sikio.

"Huyu kaliwa na panya."

"Ni alama ya babu yangu."

"Iko ukutani?"

"Sisi tunakata sikio."

"Nimekuuliza, iko ukutani?"

Haikuwepo. Akaondoka na dume, na jike, na ndama wake. Bhoke, binti wa jirani, ambaye kwa kawaida alinitetea, akasema sheria ni sheria. Msimu mzima nilifinyanga nikaibiwa. Ninaweza kusema bila kujisifu kwamba hakuna aliyefinyanga ng'ombe wazuri kama wangu katika kijiji kile, na sababu ni hiyo: wengine walifinyanga mara moja, mimi nilifinyanga kila wiki. Zizi la Chacha lilijaa ng'ombe wenye mapengo masikioni. Nilikuwa nakwenda kuwaangalia kama mtu anayetembelea ndugu waliohamishwa.

Watoto wa leo wanaibiana ng'ombe kwenye simu, sijui kama wanaumia. Simu ikizimika, zizi limekwisha. Sisi ng'ombe wakinyeshewa tuliwakimbilia, wakipasuka tuliwazika.

Miaka ikaenda. Mahakama ikahamishwa, Baraza likawa ofisi ya kata, baadaye ghala la mbegu, baadaye likafungwa. Mimi nikaenda Mugumu, nikafungua duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko, nikaoa. Mke wangu ni wa Nyanungu hiyo hiyo, wa familia yenye chapa ya mwezi mchanga, jiwe lililoko upande wa mashariki, juu ya kichwa cha mtu mzima. Tulipokuwa tunachumbiana nilikuwa ninalijua jiwe lao kabla sijalijua jina la baba yake, mzee Nyamhanga. Ng'ombe wa mahari niliwanunua mnadani, kila mmoja na chapa ya mtu mwingine pajani. Wajomba zake waliwakagua, wakatabasamu, wakawachoma mwezi mchanga juu yake.

Tuna binti mmoja, Robi, mwenye jina la bibi yake mzaa mama. Yuko chuo Mwanza. Mwaka jana alikuja likizo, tukaenda kumsalimia bibi, na kwa mara ya kwanza nikampeleka Baraza. Nilimweleza yote, jumbe msahaulifu, viboko, risiti. Alisikiliza kwa sikio moja huku la pili lina waya. Nilipomwonyesha mwezi mchanga, akapanda jiwe lililoanguka, akanyoosha mkono, kidole kikaingia kwenye mchoro kama kilichopimwa. Mama mmoja aliyekuwa akipita na kuni akasimama.

"Huyo mjukuu wa mzee Nyamhanga?"

"Ndiye, shikamoo," Robi akajibu.

"Marahaba. Nimejua kwa kidole."

Mama akaenda zake. Robi akajipiga picha, akawatumia wenzake kabla hata hajashuka, kisha akauliza kama kuna mahali pa kununua soda baridi. Sekunde chache. Jambo nililolizungukia tangu darasa la nne yeye alilipata akisubiri soda. Ni mwanangu, nampenda, na nilimwonea wivu.

Jiwe alilopanda lilikuwa limeanguka kutoka kwenye kona ya nyuma. Mvua zilizofuata zikaangusha kona yote. Halmashauri ikasema jengo ni la kihistoria, wataleta fundi. Kijiji kikaitisha mkutano, na wazee wakasema mawe hayatanunuliwa. Yataletwa kama zamani, kutoka mtoni, kila nyumba jiwe moja na chapa yake. Nilifunga duka nikaenda.

Chacha ndiye mwenyekiti wa kijiji sasa. Tumbo limemtangulia, lakini bado anakunja mikono vile vile. Nilisimama, nikawasalimu wazee shikamoo, nikasema nitatoa saruji ya kona nzima bila kudai chochote. Wakapiga makofi. Nikaongeza kwamba nitaleta na jiwe langu. Makofi yakapungua.

"Saruji tunaipokea, mura," Chacha alisema. "Saruji haina ukoo. Jiwe ni jambo lingine."

"Mimi nimezaliwa hapa, Mwenyekiti."

"Nani amekataa? Hata mbwa wa zahanati amezaliwa hapa."

Watu wakacheka. Mzee mmoja akamwambia Chacha apunguze mdomo, mtu ametoa saruji. Ndipo akasimama mama mkwe wangu. Kwa desturi ya kule mama mkwe na mkwe hawatazamani wala hawasemezani ana kwa ana, kwa hiyo alimgeukia mwenyekiti na kunipa mgongo.

"Mwenyekiti, mwambie mtu huyo aliyesimama kwamba nyumbani kwake kuna mtoto wa binti yangu. Mtoto huyo alete jiwe la nyumba yao, lichongwe mwezi mchanga. Hakuna atakayemzuia."

Minong'ono ya kukubali ikapita. Nami sikuweza kumjibu yeye, nikamjibu Chacha.

"Mwenyekiti, mwambie mama kwamba namshukuru. Lakini nyumba ile ni yangu. Kama ni jiwe moja kwa nyumba, naomba libebe alama ya baba yangu."

"Ipi?" Chacha alikunja uso, kisha akakumbuka, nikaona anakumbuka. "Ile ya masikio?"

"Hiyo. Pengo moja kwenye ncha."

"Jiwe lenye pengo fundi atadhani limevunjika. Atalisukumia kwenye kifusi." Alisema hivyo bila kicheko. Akaangalia chini kidogo. "Haya. Mtoto ana pande mbili. Mtoto achague, alete atakalochagua, tutalipokea. Hilo limeandikwa na kikao, msije mkanigeuka."

Nilirudi Mugumu nikiwa sijui nimeshinda au nimeshindwa. Nilimpigia Robi simu, nikamweleza. Nikasikia watu wanacheka nyuma yake.

"Baba, mnagombania jiwe?"

"Hatugombani. Unachagua."

"Nikiweka zote mbili?"

"Jiwe moja, alama moja."

"Na nisipoweka kitu?"

Wazo la mtu kuwa na haki ya kuchonga na kuamua kuliacha jiwe tupu halikuwahi kunipitia akilini. Nilimwambia afikirie. Akasema sawa, kisha akaniomba vocha.

Nikilinganisha wakati ule na huu, naona kwamba sisi tulitamani kidogo na kwa muda mrefu. Tulitamani mkate wa Sirari wiki nzima, tulitamani jiwe maisha yote. Vijana wetu wanapewa mlango ukiwa wazi, hivyo hawaoni kwamba ni mlango. Hata ng'ombe wenyewe wamebadilika. Siku hizi maofisa wa mifugo wanawavisha hereni ya plastiki yenye namba, na anayefuata nyayo za mnyama wake anasoma namba, haangalii paja. Chacha aliniambia wajukuu zake hawaijui chapa ya mguu wa kuku. Aliwapeleka mlangoni akawaonyesha, wakamuuliza kuku alipitaje kwenye jiwe. Aliniambia kwa kucheka, lakini aliniambia mara mbili. Nadhani siku hizi yeye pia ana wivu, ila sijui anamwonea nani.

Baba amezikwa Nyanungu, nyuma ya shamba la muhogo. Hakuwahi kurudi Singida. Hakuwahi pia kuingia Baraza, kwa sababu hakuwahi kuwa na kesi.

Wiki iliyopita Robi alikuja bila kutuambia. Alipitia Nyanungu kwanza, akashuka mtoni na binamu zake, akarudi na jiwe jeusi la kutosha mikono miwili, akaliacha uani kwa bibi yake. Fundi ameanza msingi wa kona na mawe mengine yanaletwa kila siku. Nimemuuliza binti yangu atachonga nini, akasema anafikiria. Nimemtuma mke wangu amuulize mama yake, naye amejibu kwamba jiwe liko pale karibu na kinu, na kwamba patasi aliyoazima Robi ameirudisha kwa mwenyewe. Sikuambiwa kama ameitumia.